Chuma Shingoni mwa Baba

Baba yangu amezikwa na bamba la chuma shingoni, limekazwa kwa skrubu nne. Yuko hapo chini ya migomba, hatua chache kutoka mlango wa jikoni kwetu Mwika, na kwa muda mrefu watu wa kitongoji chetu waliamini kwamba bamba hilo ndilo lililomuua. Waliamini hivyo kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyeandika wasifu wa marehemu na mimi ndiye niliyeusoma mbele ya jeneza. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nikisoma kitu kwa sauti, watu hawakihoji.

Wala sikusema uongo. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Ile karatasi ninayo, na nikiishikia kalamu nyekundu kama daftari la mwanafunzi, sioni pa kuweka alama ya kosa. Kila neno ni la kweli. Lakini jirani yetu alikuwepo akisikiliza, mikono yake imeshaanza kufa ganzi, naye alikuwa amepangiwa upasuaji kama ule ule wa baba. Kwake yeye maneno yangu hayakuwa historia ya mzee aliyekufa. Yalikuwa ushauri.

Baba alianguka mwezi wa saba, katika ile baridi yetu ya mawingu mazito ambapo mlima hauonekani wiki nzima na kahawa haikauki kwenye vichanja. Alikuwa na miaka sabini na minne. Kulikuwa na mgrevilea mmoja ulioinyima mwanga kahawa yake, na nilikuwa nimemwahidi kwamba nitaupunguza matawi Jumamosi. Niliahidi Jumamosi tatu. Mimi ni mtoto wa mwisho wa kiume, na kwetu huyo ndiye anayebaki na wazazi na kurithi kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba, kahawa na makaburi ya wazee. Kaka zangu wako Dar es Salaam na Arusha. Wanakuja Desemba, wanakula mbuzi, wanatoa maoni, wanaondoka. Kwa hiyo mti ule ulikuwa kazi yangu na hapakuwa na wa kumsukumia. Jumamosi ya tatu nilikuwa mezani nasahihisha mitihani. Mzee akachoka kungoja, akachukua panga, akapanda mwenyewe.

Nilisikia tawi likikatika, halafu nikasikia kishindo ambacho hakikuwa cha tawi. Nilipofika alikuwa amelala chali kwenye tope, macho wazi, ananitazama. "Usinikaripie," akasema. Ndivyo alivyoanza, kabla hata sijafungua mdomo, alinijua. Kisha akasema shingo inamuuma na miguu anaisikia kwa mbali. Nikamtazama mikono. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vinajikunja na kujikunjua, vinapapasa kwenye majani makavu, vinatafuta panga. Niliviona vizuri, hakuna wa kunibadilishia hilo.

Mama akatokea nyuma yangu akikimbia. Mama yangu ni mtu wa heshima kupita kiasi. Ni mtu ambaye mgonjwa akiletwa nyumbani anabadilisha kwanza vitambaa vya makochi. Kwake yeye, mzee wa kanisa, baba wa watoto sita, hawezi kukutwa kwenye tope amelala, suruali imepanda magotini, wanawake na watoto wakija kutazama. Na majirani walikuwa wanakuja kweli. Tulisikia wakiulizana ng'ambo ya mfereji. Mama akanikaripia kwa Kichagga kwamba ninangoja nini, nimwinue mzee nimkalishe, asikutwe chini kama mnyama.

Ofisini kwangu shuleni kuna cheti cha huduma ya kwanza kimebandikwa ukutani, kina jina langu. Darasa la sita nimewafundisha kwa miaka mingi kwamba mtu aliyeanguka kutoka juu na kuumia shingo hasogezwi. Huwa nalichora hilo ubaoni. Siku ile nilipitisha mikono chini ya makwapa ya baba yangu, nikamwinua. Kichwa chake kikaenda mbele, kikarudi nyuma, akatoa sauti ndogo kama mtu aliyeguswa na maji baridi. Nikamwegemeza kwenye mgomba. Mama akamfuta uso kwa kanga yake, akamshusha suruali, akamfunga kifungo cha shati. Majirani walipofika walimkuta ameketi kama mzee anavyostahili kuketi. "Shikamoo, meku," wakamwamkia, yaani mzee wetu, naye akaitikia marahaba. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani mwake na vidole vimetulia.

Tulimshusha Moshi kwa pikapu ya mtu anayepeleka ndizi mjini, juu ya godoro, na mimi nimeshika kichwa chake njia nzima. Sasa nilikuwa mwangalifu sana. Kila tuta nililaani, na dereva nilimtukana mpaka mama akaniambia ninyamaze.

Hospitali walimvisha kola ngumu, wakampiga picha, wakampitisha kwenye ile mashine ya duara. Daktari wa upasuaji alikuwa kijana kuliko mimi, mpole, mwenye tabia ya kuchora kila anachosema. Alituita mimi na mama, tukaketi kwenye benchi moja. Kabla ya yote akauliza, "Baada ya kuanguka, ni nani aliyemwinua?"

"Watu," nikasema.

"Watu gani?"

"Majirani. Walikuja wengi, daktari."

Mama alikuwa anatazama sakafu. Daktari aliandika, hakukaripia mtu. Alisema huenda mishipa ya fahamu iliumia pale pale mzee alipogonga chini, na huenda iliumia zaidi alipoinuliwa; hakuna anayeweza kujua kwa hakika. Lile neno "huenda" nililikumbatia. Nililibeba kutoka chumba kile na nimeishi nalo, na siku nyingine linanisaidia.

Kisha akageuza fomu akachora nyuma yake. Mifupa ya shingo aliichora kama vibuyu vilivyopangwa, kimoja kimeteleza juu ya mwenzake. Akaeleza kwamba watapita upande wa mbele wa shingo, watasogeza koo pembeni, wataondoa kinachobana mishipa, watairudisha mifupa mahali pake, kisha wataweka bamba dogo mbele na kulikaza kwa skrubu, huku wakitazama kila skrubu kwenye picha inapoingia. Nilimuuliza kama ni salama. Nilimuuliza mara tatu, kila mara kwa njia nyingine, kama mkaguzi aliyekuja na jambo lake. Hakunificha. Alisema sauti ya mzee inaweza kukwaruza, kumeza kunaweza kuwa shida siku za mwanzo, kidonda kinaweza kuingia vijidudu, na mara chache skrubu hulegea. Lakini kazi yenyewe ni ya kila siku kwao, na kuiacha shingo ile bila kuifunga ndiyo hatari kubwa zaidi.

"Ninachokuahidi ni shingo imara," akasema. "Mikono na miguu sikuahidi. Chuma kinashika mfupa, Mwalimu, hakiponyi mishipa."

Akaniomba nirudie kwa maneno yangu mwenyewe, ili ajue nimeelewa. Nilirudia vizuri sana. Ungekuwa mtihani ningepata mia.

Upasuaji ulikwenda salama. Daktari alinionyesha picha: bamba limenyooka katikati, skrubu mbili juu na mbili chini, kazi safi ya mtu asiyetaka kurudia. Siku chache baadaye baba aliketishwa kitandani, jambo lisilowezekana kabla ya hapo. Sauti yake ilikuwa imekwaruza, kama tulivyoambiwa. Wageni walipomuuliza amefanyiwa nini, alisema, "Nimeezekwa. Mwika nzima mimi ndiye mwenye bati jipya." Watu walicheka, mama akacheka, mimi nikatoka kwenda kutafuta maji ya kunywa.

Mikono haikurudi. Nilimlisha mtori kwa kijiko, mwepesi kama uji, kidogo kidogo, nikingoja ameze. Mtu aliyenifundisha kupogoa kahawa alikuwa anangoja nimpanguse kidevu. Siku moja mchana, mama ameenda kufua, akaniambia jambo ambalo sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Alisema, "Siku ile ulifanya vizuri kuniinua. Watu wangenikuta vibaya." Alikuwa ananishukuru. Nilikuwa na kijiko mkononi na sikujua nikipeleke wapi. Ningeweza kumwambia pale pale, nikapata adhabu yangu au msamaha wangu kutoka kwa mwenyewe. Nikamwambia, "Fungua mdomo, baba."

Alifariki wiki ya tano. Kifua hakikuwa na nguvu za kukohoa, makohozi yakajaa, homa ya mapafu ikamchukua katika siku tatu. Daktari alinieleza haya pembeni, taratibu, na akasema tena, bila mimi kumuuliza, kwamba shingo ilikuwa imeshika vizuri mpaka mwisho. Nadhani alijua jinsi maneno yanavyosafiri kwenda milimani.

Kwetu mtu hazikwi bila wasifu wake kusomwa. Alizaliwa lini, alibatizwa wapi, alimwoa nani, watoto wangapi, alifanya kazi gani. Watu husikiliza hayo wakipepea nzi. Msomaji akifika kwenye "kuugua kwake", uwanja mzima unanyamaza, na hata waliokuwa jikoni husogea. Wanataka kujua ni nini kimemchukua. Tayari baba mdogo alikuwa ananong'ona na kaka zangu kwamba mzee alishuka Moshi akiongea na kupandishwa maiti, sasa kulikoni.

Niliuandika wasifu ule mezani jikoni. Mama alikuwa ameketi mbele yangu akichambua mchele. Mara ya kwanza niliandika kwamba baba alianguka, na mimi mwanawe nikamwinua kabla ya kupata msaada. Nikaitazama ile sentensi. Nikamtazama mama, macho yake yamevimba, vidole vyake vinatafuta mawe kwenye mchele. Niliona watu wakiuliza ni nani aliyesema ainuliwe, maana majirani walimsikia akikaripia. Niliona kaka zangu wakigeuka kumtazama. Hizo ndizo sababu nilizojipa, na zilikuwa nzuri. Kwamba nilikuwa najificha nyuma ya kanga ya mama yangu sikujiambia. Nikachana karatasi nikaanza upya.

Nilichosoma ni hiki: "Alianguka kutoka juu ya mti, akafikishwa hospitali akiwa anazungumza vizuri. Alifanyiwa upasuaji wa shingo na kuwekewa bamba la chuma kwa skrubu. Baada ya hapo hali yake iliendelea kubadilika, hadi Bwana alipomtwaa."

Watu waliguna. Nyuma yangu bibi mmoja akasema, "Misumari." Mpaka chakula kinaanza kugawiwa neno lile lilikuwa limefika getini: wamempigilia mzee wa watu misumari shingoni. Baba mdogo alitaka kushuka Moshi kesho yake kugombana na daktari. Nikamtuliza. Nikamwambia haya ni mambo ya Mungu, tusitafute mchawi. Alinipiga begani akasema nina hekima kuliko kaka zangu wote.

Jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji ni mjane wa miaka hamsini na kitu, anauza ndizi soko la Mwika. Mikono yake ilijulikana. Kwenye arusi na misiba, wanawake wakiketi kumenya ndizi, yeye alimaliza beseni lake wenzake wakiwa nusu, huku akiwachokoza. Kwenye msiba wa baba aliketi nao, lakini kisu kilimponyoka mara mbili, akakiweka chini akasema amechoka. Haikuwa uchovu. Kwa mwaka mzima vidole vyake vilikuwa vinakufa ganzi, miguu inajikwaa pasipo na kitu. Hospitali walikuta mifupa ya shingo imebana mishipa, wakampangia tarehe. Walimweleza kwamba upasuaji utazuia hali isizidi, na kwa kuwa amewahi, huenda mikono ikarudi kiasi.

Siku tatu baada ya mazishi alikuja kutupa pole. Aliketi kwenye kochi, akashika kikombe cha chai kwa mikono miwili. "Mwalimu, Mungu akubariki," akasema. "Mimi nilikuwa nimepangiwa wiki ijayo, na mimi niwekewe chuma hivyo hivyo. Uliposoma pale nikasema, asante Yesu, nimeonyeshwa mapema. Nimewapigia simu, siendi."

Sebuleni tulikuwa watatu. Mama alikuwa anamimina chai. Mimi nilijua, kwa maneno ya daktari niliyoyarudia bila kukosea hata moja, kwamba chuma hakikumuua baba. Ingetosha sentensi moja tu. Nikamwambia jirani, "Pole, mama." Mama akaongeza chai kwenye kikombe ambacho kilikuwa bado kimejaa, ikamwagika kwenye kisahani.

Kuanzia hapo niliishi nikimtazama. Desemba alikuwa anafungiwa vifungo na binti yake. Januari aliacha soko. Machi alianza kutembea na fimbo, miguu imekakamaa, na kwenye daraja la mti juu ya mfereji alipita kwa kukaa na kujiburuta. Nikimwona anakuja, nilikumbuka kwamba nina kazi nyuma ya nyumba. Niliwachapa wanafunzi kwa makosa madogo mwaka ule. Mwalimu mkuu aliniita akaniuliza kama nyumbani kuna shida, nikamjibu jeuri.

Kilichonivunja kilitokea kanisani, Jumapili ya meza ya Bwana. Alikuwa mbele yangu kwenye mstari, amepiga magoti kwa kusaidiwa. Mchungaji alipompa mkate, vidole havikuushika. Ukadondoka kwenye zulia. Mchungaji akachukua mwingine akamwekea mdomoni, kama unavyomlisha mtoto. Jirani alifumba macho, machozi yakamtoka, na hakuweza kuyafuta. Ilikuwa zamu yangu kupiga magoti. Niligeuka nikatoka nje, watu wakinishangaa, nikaketi kwenye ngazi nikiwa na hasira na kila mtu: na mchungaji, na baba aliyepanda mti, na bibi aliyesema misumari. Ilichukua muda hasira ile kufika kwangu mwenyewe.

Mchana huo nilivuka mfereji. Nilimkuta barazani, binti yake anamlisha kiburu cha ndizi na maharage. Nikamwomba binti atupishe. Nikamwambia jirani yote: mti, tope, vidole vilivyokuwa vinacheza, jinsi nilivyomwinua, jinsi vilivyotulia, jinsi nilivyomjibu daktari, na daktari alivyosema kuhusu shingo mpaka mwisho. Nilimwambia baba alikufa kwa kifua na kwamba chuma chake kilikuwa kizima. Kitu kimoja tu nilibakiza.

Alinisikiliza bila kunikatisha. Kisha akauliza, "Ulimwinua kwa akili yako mwenyewe?"

"Kwa akili yangu."

Kuku walikuwa wanadonoa makombo ya kiburu miguuni pake, naye hakuweza kuwafukuza. "Nenda nyumbani, Mwalimu," akasema. Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana.

Siku mbili baadaye binti alikuja kuuliza kama nitaweza kuwapeleka Moshi. Nilikwenda nao kila mara: kuomba tarehe upya, kupiga picha upya, kulazwa. Daktari alikuwa yule yule. Alinikumbuka, akaniuliza hali ya mama yangu, hakuuliza zaidi. Jirani alipoelezewa bamba na skrubu aliitikia kwa kichwa tu, kwamba ameelewa. Walipomsukuma kwenda chumba cha upasuaji aliniita karibu. Nilidhani anataka kuniachia maneno ya kumpa binti yake. Akasema, "Unajua kwa nini nilikusikiliza wewe? Daktari simjui. Wewe nimekuona ukikua." Wakamsukuma, mlango ukafungwa, nikabaki kwenye korido nimeshika kanga yake.

Alitoka salama. Sauti ilikwaruza wiki mbili ikarudi. Kidonda kikafunga, ukabaki mstari mwembamba unaojificha kwenye mkunjo wa shingo. Miezi mitatu baadaye tulirudi kliniki, na daktari akatuonyesha bamba limekaa pale pale walipoliweka, skrubu zote ziko imara. Miguu haikuzidi kukakamaa. Anatembea na fimbo yake, polepole, na haanguki tena. Binti aliuliza kuhusu mikono. Daktari alimtazama mama yake kwanza, kisha akasema kwamba mishipa ikibanwa muda mrefu mno, ukiiachilia haiamki yote. "Angekuja ile tarehe ya kwanza," akaanza kusema, halafu akaniona mimi, akageukia picha akaizima.

Jirani hakumwambia mtu nilichomweleza. Nimesubiri, mpaka nimechoka kusubiri. Binti yake mpaka leo ananishukuru barabarani mbele za watu kwamba mimi ndiye niliyemshawishi mama akubali matibabu, na huwaambia wengine wenye shida ya mgongo wasiogope, wamwone Mwalimu awaeleze. Nao huja. Nawaeleza, nawachorea. Ya baba pia nawaambia sasa, kwamba nilimwinua, kila anayekuja. Wanaitikia "pole, Mwalimu", wanaipita upesi wafike kwenye shida yao.

Mama ndiye aliyebaki. Siku tuliyotoka kliniki nilimkuta barazani akichagua kahawa, mbaya huku, nzuri huku. Nikaketi kwenye kigoda nikamwambia habari za mikono ya jirani, kisha nikamwambia kwamba nilishamweleza ukweli, tangu ile Jumapili. Aliendelea kuchagua.

"Ulimwambia ni nani aliyesema mzee ainuliwe?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Nilidhani hujui, mama. Nilidhani hujui kama kumwinua kulikuwa na madhara."

Aliacha kahawa. "Daktari aliuliza mimi nikiwa nimeketi pale," akasema. "Mimi si kiziwi. Nilijua siku ile ile. Pale kaburini, ulipofika kwenye kuugua kwake, niliinamisha kichwa. Nikasema sasa atanitaja. Halafu hukunitaja." Akafuta mikono kwenye kanga, ingawa haikuwa na kitu. "Nilimshukuru Mungu, mwanangu. Jeneza la baba yako liko mbele yangu, mimi nashukuru. Na huyu alipokuja kutuambia haendi, nilijua pia. Nikamwongezea chai."

Miezi yote ile nilijiona nambebea mama mzigo, kumbe alikuwa nao mwenyewe tangu siku ya kwanza, na kila mmoja alimnyamazia mwenzake ndani ya nyumba moja. Nilitaka kumshika mkono, nikaona haya. Yeye ndiye aliyeuliza tena, kama mtu ambaye hakusikia vizuri mara ya kwanza.

"Sasa hiyo mikono haitarudi?"

"Haitarudi, mama."